Utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza una nafasi gani katika tahadhari za hali ya hewa?

Na Mwandishi Wetu

Mei 4, 2024 kimbunga Hidaya kilifika nchi kavu katika eneo la Mafia. Kwa siku kadhaa kabla ya hapo, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilikuwa ikitoa taarifa za mwenendo wake, na wananchi wa mikoa ya ukanda wa pwani pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba walizifuatilia kwa karibu. Madhara yalikuwepo: mvua kubwa ilinyesha, upepo ulivuma kwa nguvu, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika katika eneo la Somanga. Hata hivyo, kimbunga hicho hakikuwakuta watu wakiwa hawajasikia lolote.

Taarifa ya namna hiyo inapotolewa, mazungumzo mengi huelekea kwenye mitambo: rada, setilaiti na kompyuta. Mara chache huulizwa mtaalamu aliyeketi mbele ya mitambo hiyo alijifunza wapi kuamua kwamba picha anayoiona ni hatari ya kweli, na kwamba sasa ni wakati wa kuwaambia wavuvi wasiingie baharini. Uamuzi huo haumo katika kitabu cha maelekezo ya mtambo. Hujengwa kwa miaka, na mwanzo wake, kwa wataalamu walio wengi, ni swali dogo la utafiti walilopewa wakiwa bado wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Uchambuzi huu unatazama nafasi ya utafiti huo katika sayansi ya angahewa: namna unavyoendeshwa kwingineko, maswali ambayo nchi yetu inaweza kuwakabidhi vijana wake, na masharti yanayopaswa kutimizwa ili muda wa mwanafunzi usipotee bure.

Vifaa vimeongezeka, kazi ya kuvisoma imeongezeka pia

Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania Na. 2 ya mwaka 2019 iliigeuza iliyokuwa Wakala kuwa Mamlaka kamili. Katika miaka ya karibuni uwekezaji wa Serikali katika vifaa umeonekana wazi. Rada za hali ya hewa, ambazo awali zilikuwa Dar es Salaam na Mwanza pekee, sasa zipo pia Mtwara, Mbeya na Kigoma. Heshima ya nchi katika taaluma hii nayo imepanda. Julai 2023, katika mkutano uliofanyika Nairobi, Dkt. Ladislaus Chang'a wa TMA alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa Jopo la Kimataifa la Wataalamu wa Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC).

Lakini rada haipimi mvua moja kwa moja kama afanyavyo kipima mvua kilichosimikwa shuleni au katika kituo cha kilimo. Rada hutuma mawimbi, kisha hupokea mwangwi unaorudi kutoka kwenye matone yaliyomo mawinguni. Ili mwangwi huo ugeuzwe kuwa milimita za mvua, lazima itumike kanuni ya hesabu, na kanuni hiyo hutegemea ukubwa wa matone. Kanuni mojawapo inayotumika sana duniani ilitokana na vipimo vilivyofanyika Canada na kuchapishwa mwaka 1948. Matone ya mvua ya radi katika ukanda wa tropiki si lazima yafanane na ya huko. Hivyo basi, kila nchi ya tropiki inayonunua rada hujikuta na kazi ambayo muuzaji hawezi kuifanya kwa niaba yake: kulinganisha kile rada inachokisema na kile vipima mvua vya ardhini vinachokionesha, mahali kwa mahali na msimu kwa msimu.

Kazi hiyo ni ya kisayansi, ina manufaa ya moja kwa moja kwa taifa, na ukubwa wake unamfaa mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye kompyuta, msimamizi mzuri na wiki kumi za muda. Zipo kazi nyingi za aina hiyo.

Mafunzo kwa vitendo na utafiti

Tanzania ina njia mbili kuu za kuwaandaa wataalamu wa fani hii hapa nchini. Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa kilichopo Kigoma hutoa mafunzo ya astashahada na stashahada, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa shahada ya kwanza ya hali ya hewa. Mgawanyo huo unaendana na utaratibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO), linalotofautisha kati ya fundi sanifu wa hali ya hewa na mtaalamu wa hali ya hewa mwenye elimu ya kiwango cha chuo kikuu.

Wanafunzi wa vyuo vikuu wanafahamu vyema mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi huenda katika taasisi kwa wiki kadhaa, hujifunza taratibu za kazi, hujaza daftari lake la kila siku, na hurudi chuoni na ripoti. Katika kituo cha hali ya hewa atajifunza kusoma vipimajoto kwa saa zilizopangwa, kukadiria mawingu, kuandaa taarifa za usafiri wa anga na, panapowezekana, kushuhudia puto lenye vifaa likirushwa kupima joto, unyevu na upepo hadi urefu wa kilomita 30 hivi. Haya yote ni ya lazima. Mtu asiyejua kipimo kinavyochukuliwa hawezi kujua kinavyokosewa.

Utafiti huanzia pale ambapo mwongozo umeishia. Mwanafunzi hupewa swali ambalo jibu lake halimo katika vitabu, wala msimamizi wake hana uhakika nalo. Hukusanya takwimu, hukuta zina mapengo, huamua namna ya kuyashughulikia, hupata jibu asilolitarajia, kisha husimama mbele ya watu wanaoijua kazi na kulitetea. Mafunzo kwa vitendo humpa mwanafunzi stadi. Utafiti humfundisha kubeba dhamana ya jibu lake. Ofisa wa utabiri anayekesha usiku akiamua kutoa au kutotoa tahadhari anahitaji vyote viwili.

Historia yetu wenyewe ina mfano unaojulikana duniani kote. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aligundua kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingizwa kwenye friza ukiwa wa moto uliganda kabla ya ule uliokuwa umepoa. Alipouliza darasani hakupata jibu la kumridhisha. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lile lile Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuwa amealikwa kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walicheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam, akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kwa pamoja. Hadi leo wanafizikia wanabishana kuhusu maelezo ya jambo hilo na hata kuhusu uthabiti wake, na mabishano hayo yana jina la Mtanzania. Msingi wake ni kwamba mtu mwenye maabara alilichukulia kwa uzito swali la mwanafunzi.

Namna wengine wanavyofanya

Nchi iliyouweka utafiti wa shahada ya kwanza katika mfumo rasmi kwa muda mrefu ni Marekani. Tangu mwaka 1987, Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya nchi hiyo (NSF) imekuwa ikigharamia mpango wa uzoefu wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, unaojulikana kwa kifupi kama REU. Chuo au kituo cha utafiti huomba fedha za kupokea kundi dogo la wanafunzi, kwa kawaida wakati wa likizo ndefu ya kiangazi na kwa muda wa wiki kumi hivi. Kila mwanafunzi hupangiwa mtafiti wa kumwongoza, hupewa posho, husaidiwa malazi, na mwisho huwasilisha matokeo yake kwa maandishi na kwa mdomo.

Katika sayansi ya angahewa, mojawapo ya vituo vinavyojulikana ni Norman katika jimbo la Oklahoma, mji ambao chuo kikuu na ofisi za Serikali zinazoshughulikia dhoruba viko katika jengo moja. Mwanafunzi anayefanya utafiti hapo hukutana katika korido na watu wanaotoa tahadhari halisi. Mwingine ni mpango wa SOARS, ulioanzishwa mwaka 1996 huko Boulder, Colorado, chini ya mwavuli wa vyuo vikuu vinavyosimamia Kituo cha Taifa cha Utafiti wa Angahewa cha Marekani. Wazo lake lilikuwa kuwafikia vijana kutoka jamii ambazo kwa kawaida hazikuwa na wawakilishi wengi katika sayansi hii, na kuwarudisha kituoni kwa zaidi ya kiangazi kimoja.

Mambo matatu katika mipango hiyo yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, mwanafunzi hulipwa. Posho ndiyo inayoamua kama mtoto wa mkulima naye atashiriki, au kama utafiti utabaki kuwa wa wale ambao familia zao zinaweza kuwatunza kwa miezi miwili bila kipato. Pili, katika SOARS mwanafunzi hupewa, pamoja na mwongozaji wa sayansi, mwongozaji wa uandishi. Walioubuni mpango huo walitambua kuwa vijana wengi hukwama kwa kushindwa kueleza walichokipata, hata pale hesabu zao zinapokuwa sahihi. Tatu, nafasi za REU hazitolewi kwa wanafunzi wa chuo mwenyeji pekee. Sehemu kubwa hutengwa kwa wanaotoka vyuo vingine, hasa vile visivyo na maabara kubwa.

Ikumbukwe kwamba fedha za REU hutolewa kwa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani. Kijana wa Kitanzania hawezi kuzitegemea. Mpango wa kumfaa utatokana na taasisi za hapa nyumbani au za ukanda huu.

Maswali yanayowasubiri vijana

Hoja kwamba utafiti wa kweli unahitaji mitambo ya gharama kubwa haina nguvu tena katika fani hii. Takwimu nyingi za dunia sasa zinapatikana bure. Mkusanyo wa CHIRPS hutoa makadirio ya mvua tangu mwaka 1981 kwa miraba yenye upana wa takribani kilomita 5. Mkusanyo wa ERA5 wa kituo cha utabiri cha Ulaya hueleza hali ya angahewa ya dunia nzima, saa kwa saa, tangu mwaka 1940. Kinachokosekana ni watu wa hapa wa kuziuliza takwimu hizo maswali ya hapa.

Mfano wa kwanza ni mvua za masika. Kuanzia miaka ya 1980 masika katika Afrika Mashariki yalionekana kupungua kwa takribani miongo miwili na nusu, ilhali modeli nyingi za tabianchi zinabashiri kuwa yataongezeka. Wanasayansi wamekiita hicho kitendawili cha Afrika Mashariki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha kuwa upungufu ule ulitokana hasa na msimu kuchelewa kuanza na kuwahi kwisha; mvua zenyewe, siku zinaponyesha, hazikuwa zimedhoofika. Kwa mkulima wa Same au Handeni, tofauti hiyo ina maana kubwa, kwani hugusa uchaguzi wa mbegu ya muda mfupi au mrefu. Je, ndivyo ilivyo katika kila wilaya? Mwanafunzi mmoja akichukua vituo vinne vya mkoa mmoja anaweza kulijibu swali hilo kwa mkoa huo.

Mfano wa pili ni mwanzo wa msimu. Taarifa ikisema vuli itaanza wiki ya pili ya Oktoba, "kuanza" kuna maana gani? Kipimo mojawapo kinachotumika sana huhesabu msimu kuwa umeanza pale zinapopatikana milimita 20 ndani ya siku tatu, mradi tu usifuate ukame mrefu katika siku 30 zinazofuata. Sharti hilo la mwisho ndilo linalomlinda mkulima dhidi ya mvua za kudanganya, zinazomfanya apande mapema na kupoteza mbegu. Kupima ni mara ngapi mvua za namna hiyo zimetokea katika wilaya fulani kwa miaka 40 ni kazi ya muhula mmoja, na ofisa ugani atajua la kufanya na jibu lake.

Mfano wa tatu ni Ziwa Victoria. Mchana, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu ya radi hujijenga zaidi juu ya ardhi. Usiku mambo hugeuka: pepo kutoka pande zote za nchi kavu hukutana juu ya maji yenye joto, na radi huzidi nguvu kuelekea alfajiri, wakati ambao wavuvi wengi wako majini. Rada ya Mwanza huona sehemu kubwa ya mchakato huo. Kuorodhesha dhoruba za usiku za mwaka mmoja, zilikoanzia, zilikoelekea na kasi yake, ni kazi inayoweza kumpa mtoa tahadhari dakika zaidi, na dakika hizo ni maisha ya watu.

Mfano wa nne ni vimbunga vya pwani. Karibu na ikweta, nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia ni ndogo mno kuweza kuufanya upepo uzunguke kama kimbunga kinavyohitaji. Ndiyo maana pwani yetu hupata vimbunga kwa nadra. Nadra, lakini vipo: Zanzibar ilipigwa mwaka 1872 na Lindi mwaka 1952, vyote viwili katika mwezi wa Aprili. Katika miaka ya karibuni Kenneth ilipita jirani na kuingia Msumbiji mwaka 2019, Jobo ikanyong'onyea kabla ya kufika pwani mwaka 2021, kisha ikaja Hidaya. Kwa nini Jobo ilikufa baharini na Hidaya ikafika? Jibu linaweza kuanza kutafutwa kwa takwimu za joto la bahari na upepo wa tabaka za juu ambazo ziko wazi kwa yeyote.

Mfano wa tano unahusu umeme. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 linategemea maji ya Mto Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa hutoka katika milima na mabonde ya Kilombero na Ruaha. Makadirio ya setilaiti mara nyingi hukosea kwenye miteremko ya milima, kwa kuwa mraba wa kilomita 5 huchanganya upande unaokinga mvua na upande uliojificha. Kujua ukubwa wa kosa hilo katika bonde moja ni msaada kwa wanaopanga uzalishaji wa umeme.

Kuupima utabiri wenyewe

Kati ya kazi zote ambazo mwanafunzi anaweza kupewa, yenye faida kubwa zaidi huenda ndiyo inayohitaji moyo mkubwa zaidi kutoka kwa taasisi: kupima kama utabiri uliotolewa ulitimia.

Ugumu wake unaonekana katika kisa kimoja cha kale. Mwaka 1884 John Finley wa Marekani alitoa utabiri wa vimbunga vya nchi kavu viitwavyo tonado. Kati ya taarifa 2,803 alizotoa, 2,708 zilionekana kuwa sahihi, yaani asilimia 96.6. Mafanikio hayo yalisifiwa, hadi wakosoaji wake walipoitazama hesabu upya. Tonado zilitokea mara 51 tu. Mtu ambaye angesema kila siku "hakutakuwa na tonado" angekuwa sahihi mara 2,752, sawa na asilimia 98.2, bila kumwokoa hata mtu mmoja. Kwa upande wa Finley, kati ya matukio 51 alitahadharisha 28 na kukosa 23. Na kati ya tahadhari 100 alizotoa, 72 hazikutimia.

Funzo la kisa hicho ni kwamba asilimia moja ya usahihi haitoshi kumweleza mwananchi thamani ya tahadhari. Yanahitajika angalau maswali mawili: kati ya hatari zilizotokea, ni ngapi zilitangulia kutangazwa? Na kati ya zilizotangazwa, ni ngapi zilitokea? Taasisi inayoogopa kukosa tukio itatangaza mara nyingi mno, na wananchi watachoka kusikiliza. Inayoogopa kuonekana imekosea itanyamaza siku ambayo ukimya unaua. Uwiano kati ya makosa hayo mawili hupatikana kwa kupima, mwaka baada ya mwaka, mkoa kwa mkoa.

Kazi hiyo ni kubwa kwa ofisi ya utabiri yenye majukumu ya kila saa, lakini ikigawanywa kwa wanafunzi kumi, kila mmoja akiwa na mkoa wake na msimu wake, inawezekana. Faida ni ya pande mbili. TMA hupata tathmini huru inayoonesha mahali pa kuboresha. Mwanafunzi hupata kujua, kabla hajaajiriwa, maana ya kukosea katika kazi aliyoichagua.

Masharti manne

Ili jambo hili lifanyike vizuri, masharti manne yanahitajika.

La kwanza ni takwimu. Setilaiti husaidia, lakini hakuna kinachochukua nafasi ya kipimo cha ardhini. Vituo vya kwanza nchini vilianza kupima mvua enzi za utawala wa Wajerumani, na sehemu ya kumbukumbu za zamani zimeandikwa kwa mkono katika karatasi zinazochakaa. Kuziingiza katika kompyuta na kuzihakiki ni utafiti unaowafaa wanafunzi, na ni namna ya kuokoa mali ya taifa. Utaratibu mwepesi unaomwezesha mwanafunzi kupata takwimu kwa ajili ya masomo, kwa muda mfupi na kwa masharti yaliyoandikwa wazi, ungeondoa kikwazo kikubwa kuliko vyote. Wiki kumi ni chache. Barua ikichukua wiki sita kujibiwa, utafiti umekwisha kabla haujaanza.

La pili ni msimamizi. Mhadhiri mwenye wanafunzi wengi wa kusimamia hawezi kukaa na kila mmoja juu ya jedwali la takwimu. Suluhisho ni usimamizi wa watu wawili: mhadhiri wa chuo kwa upande wa mbinu, na ofisa wa utabiri kwa upande wa swali. Saa atakazotumia ofisa huyo zihesabike katika majukumu yake rasmi ya mwaka, kwa sababu kazi isiyohesabiwa huwa ya mwisho kufanywa.

La tatu ni fedha. Msingi upo. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ina vipengele vya mafunzo kwa vitendo na utafiti. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ina uzoefu wa kugharamia watafiti kwa ushindani. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), wenye thamani ya Dola za Marekani milioni 425, unajenga maabara na kuhuisha mitaala katika vyuo vya umma. Kinachohitajika ni dirisha dogo linalojulikana, lenye tarehe ya kufungua na kufunga maombi, ambalo mwanafunzi wa Kigoma au Mtwara anaweza kuliomba kama anavyoomba mwenzake aliyepo Dar es Salaam.

La nne ni msomaji. Maandiko mengi ya mwaka wa mwisho huishia kwenye rafu za maktaba baada ya kupewa alama. Mwanafunzi akijua kwamba kurasa zake mbili za muhtasari zitasomwa na meneja wa kanda wa TMA, na kwamba ofisa kilimo wa wilaya atapata nakala kwa Kiswahili, ataandika kwa namna nyingine kabisa. Hapo ndipo mwongozaji wa uandishi wa wale wa Boulder anapopata maana kwetu. Lugha ya utafiti chuoni ni Kiingereza, na mtumiaji wa matokeo huzungumza Kiswahili. Kuvusha matokeo kutoka lugha moja hadi nyingine bila kuyapotosha ni sehemu ya taaluma yenyewe.

Cha kufuatilia

Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 2027 kila mtu duniani awe analindwa na mfumo wa tahadhari za mapema. Tanzania ina sababu zake za kulichukulia lengo hilo kwa uzito. Desemba 3, 2023 maporomoko ya matope kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80 katika eneo la Katesh na vijiji jirani. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji ya Ziwa Victoria yalipanda na kuingia katika makazi ya watu. Kilimo, kinachochangia takribani robo ya pato la taifa, bado kwa sehemu kubwa kinasubiri mvua.

Mwananchi anayefuatilia taarifa za Serikali kuhusu sekta hii huangalia idadi ya rada zilizosimikwa na vituo vilivyofufuliwa. Ni vyema aendelee kufanya hivyo, kwa kuwa fedha hizo ni zake. Bajeti na taarifa za utekelezaji zitakapotolewa, anaweza kuongeza maswali mengine: ni wanafunzi wangapi wa shahada ya kwanza wamepewa maswali ya utafiti yanayotokana na mahitaji ya TMA? Wangapi wamepata takwimu walizoomba, na kwa muda gani? Wangapi wanatoka katika mikoa ambayo utafiti wao unaihusu? Na ni matokeo mangapi yamebadili chochote katika namna utabiri unavyotolewa?

Gharama ya kuwezesha vijana ishirini kwa wiki kumi ni ndogo ikilinganishwa na bei ya mtambo mmoja, na mtambo huchakaa. Maofisa watakaokuwa zamu kimbunga kingine kikielekea pwani yetu miaka kumi ijayo wako darasani hivi sasa, na muda wa kuwapa maswali ya kweli ni huu walio nao chuoni.